Hewa, Uka

Kanyangi, 9 Juni 2024

Mutunga,

Huna adabu. Mtu akiondoka nyumbani anaaga. Hata mbuzi akipelekwa sokoni hulia kidogo akipita mlangoni. Wewe uliamka ukavaa buti za babu yako ukashika njia, na tangu siku hiyo simu yako inaniambia mteja hapatikani. Mimi sikutafuta mteja. Nilitafuta mjukuu.

Sasa nakusalimu. Hujambo? Sisi huku ni wazima. Kifua changu bado kinakohoa asubuhi, lakini kikichoka kinanyamaza chenyewe. Yule kuku mwekundu aliangua, mwewe akala nusu, nusu nyingine nimeifungia jikoni na sasa jikoni hakukaliki. Shangazi yako Nduku wa Kathonzweni anakusalimu, anasema ukipita Makueni tena usiingie kwake mikono mitupu kama mara ile. Habari za mahindi usiulize. Yalifika magotini yakaona mvua haiji, yakalala. Ndengu zimejaribu.

Barua hii nimeandika kwa mkono wangu, usidhani nimemwomba mtu. Ile ngumbaru niliyosoma pale kanisani si ya bure. Nitampa Shufaa wa duka la leso pale Kitui mjini, naye atampa mume wake Abdulkadir, yule mnunuzi wa mbuzi anayefika Tseikuru siku za soko. Ndiye aliyeniambia amekuona huko. Hakusema ukifanya nini. Nilipomuuliza alianza kusifu barabara. Mtu akisifu barabara ya Tseikuru, ujue kuna kitu anakificha.

Najua uliondoka na hasira. Ulitaka kukata mikau ya kule kilimani uchome makaa, nikakataa. Nilikataa na bado nakataa. Miti ile ilipandwa na Mutunga wa kwanza, mume wangu, akiibebea maji kwa punda, nawe ukapewa jina lake. Mutunga apande, Mutunga akate? Watu watasema jina limeoza katikati.

Sasa sikia jambo lenyewe. Mwethya wetu, kikundi chetu cha kusaidiana kazi, umeanza kujenga bwawa la mchanga kule mtoni, chini ya kanisa. Mradi unaleta simiti, sisi tunaleta mawe na mikono, kisha tutapanda miti kwenye kingo zote mbili. Kila nyumba inatoa mkono mmoja. Usiulize nyumba yetu inatoa mkono wa nani.

Aliyetumwa na mradi ni msichana wa Kitui mjini, jina lake Nusaiba. Siku ya kwanza alisimama mbele yetu akasema kila mtu duniani apunguze hewa uka. Nikasimama. Nikamwambia, binti, kwa Kikamba uka ni njoo. Sasa hewa tunaiita ije kufanya nini? Ile ya vumbi inakuja bila kuitwa. Kama una nguvu za kuita, ita mvua. Baraza lote likacheka, na mpaka leo sijui walimcheka yeye au mimi.

Hakukasirika. Akaniambia, "Susu, ni ukaa, si uka." Akanieleza kwamba ni moshi usioonekana, unatoka kwenye viwanda na magari na matanuru, unapanda juu kulala kama blanketi. Joto linakosa pa kutokea na mvua inapotea njia. Mti ulio hai unaivuta hewa hiyo na kuikalia ndani ya mbao. Ukiukata ukauchoma, umeifungulia. Nikamwambia hapo nimeelewa, hata mimi kuna mambo nimeyakalia tangu niolewe. Lakini jina nimebaki na langu. Hewa uka.

Na kuna sharti. Nyumba yenye mchoma makaa haina nafasi kwenye kikundi, na bwawa likijaa haitachota pale. Tuliulizwa mbele ya watu, mmoja mmoja, vijana wetu wako wapi. Mimi nilisema nitajibu siku nyingine, na Nthiwa mwenyekiti akanitazama juu ya miwani kama mtu anayesoma bei.

Basi andika. Unafanya nini huko?

Susu yako, Kathini


Tseikuru, 30 Juni 2024

Susu,

Nakusalimu kwa heshima zote. Ukitaka kunipiga kofi subiri nirudi, maana barua haina shavu. Nimefurahi kusikia kifua kinanyamaza. Mwambie shangazi Nduku kwamba mara ile nilimpelekea maembe, ni vile nilikula njiani.

Mimi ni mzima. Huku jua ni kali kuliko huko na watu ni wachache. Simu haina makosa, ni chaji, na mtandao mpaka upande mawe. Nakula vizuri. Abdulkadir ni mtu mzuri, ananiletea sukari na majani chai akipita, na akiona nimekaa kimya sana ananiuliza kama nimeoa kwa siri.

Kazi niliyo nayo ni ya kuchunga mbuzi wa tajiri mmoja. Si kazi ngumu. Mchana tunapumzika, usiku tunakesha kwa zamu, maana ukisinzia kidogo tu unakuta kila kitu kimegeuka majivu. Lakini nimezoea.

Waambie mwethya hivyo. Nachunga mbuzi.

Mikau bado iko?

Mjukuu wako, Mutunga


Kanyangi, 4 Agosti 2024

Mutunga,

Mbuzi gani hao wanaogeuka majivu mtu akisinzia? Nimezaliwa kwenye mbuzi, nimeozwa kwa mbuzi, sijaona mbuzi wa namna hiyo. Na karatasi uliyoniletea ina alama ya kidole gumba kwenye pembe, nyeusi tititi. Nimeilowesha mate nikaisugua. Haikutoka. Mavi ya mbuzi yanatoka.

Salamu ziko. Kifua ni kile kile. Vifaranga vimekuwa vikubwa na sasa vinanidharau. Mchungaji wetu amehamishwa, aliyekuja anahubiri kwa ufupi, Mungu amlinde.

Sitakuuliza tena. Wewe umesema mbuzi, na mimi nimesema mbuzi. Jumamosi ile baada ya kazi nilisimama pale mtoni, mikono ina simiti, nikasema kwa sauti ya kanisani, "Mutunga wangu yuko Tseikuru anachunga mbuzi." Nusaiba akaandika. Nthiwa naye akasema Gedion wake anaendesha lori la nafaka kutoka Mwingi. Nafaka ya mwaka huu imetoka wapi sijui, lakini mtu akimtaja mtoto wake mbele ya watu humkatizi. Na Muthoki, yule mjane jirani yetu, akasema kijana wake anatengeneza pikipiki. Kila mtu alikuwa na la kusema. Tukaimba, tukaomba, tukaenda nyumbani, na mimi sikulala vizuri.

Nataka ujue ni nini nimeweka pale. Tulipelekwa Kathonzweni kutazama bwawa la wenzetu lililomalizika. Ukiliangalia unaona mchanga mtupu, unafikiri umedanganywa. Mwanamke mmoja akapiga magoti, akachimba kwa bakuli mpaka kiwiko, na maji yakaja. Meupe, baridi, wakati wa kiangazi. Nduku alikuwa kando yangu, akasema, "Mama, umeanza kulia?" Nikamwambia ni vumbi la Makueni.

Hayo ndiyo maji tunayoyajengea. Wakijua nimesema uongo, nyumba yetu itatoka, na mimi nitakuwa napita kando ya ukuta niliobebea mawe, na mtungi mgongoni, nikielekea mto wa mbali kama mgeni. Sasa umejua nyumba yetu inatoa mkono wa nani.

Mikau iko. Hakuna aliyeigusa.

Kathini


Kanyangi, 15 Septemba 2024

Mutunga,

Barua yangu ya Agosti hujaijibu. Hiyo ni tabia ya nani? Si ya ukoo wangu.

Tuko wazima. Punda wa Nthiwa amezaa. Ukuta umefika kifuani mwa mtu mrefu. Shufaa anasema soko la mbuzi la huko limefungwa kwa ajili ya ugonjwa wa mifugo, na mume wake amekwama huko huko na mbuzi wake, hatumi wala kupokea. Nimeiacha hii kwake hata hivyo, labda atapata gari lingine.

Jumapili kanisani tuliombea kijana wa hapa kwetu aliyeanguka ndani ya tanuru la makaa huko kaskazini. Aliyeleta habari hakujua jina. Niliomba pamoja na wengine, kwa sauti ya kawaida.

Ninachoandikia ni buti. Zile buti za babu yako ulizoondoka nazo bila ruhusa. Aliziheshimu, alikuwa akizipaka mafuta hata mwaka ambao sisi wenyewe hatukuwa na mafuta. Nimezihitaji. Usiniandikie mambo mengine. Niandikie tu kwamba buti zipo.

Kathini


Tseikuru, 6 Oktoba 2024

Susu,

Buti zipo.

Yaani moja ni nzima kabisa, na nyingine imeungua soli yote mpaka kisiginoni. Mguu uliokuwa ndani umebaki na ngozi mpya, ya rangi ya mtoto mchanga. Natembea. Nachechemea kidogo nikiteremka, nikipanda sichechemei.

Nakusalimu wewe na Nduku na Muthoki na vifaranga vyako. Samahani nimeanza na buti kabla ya salamu, niliona ndiyo itakayosomwa kwanza.

Susu, si mbuzi. Ilikuwa makaa. Nilikuwa nakata na kupanga na kufukia, na usiku nalinda tanuru. Usiku ule nikaona moshi unatoka pembeni, udongo umepasuka. Nikapanda juu na sepetu kuziba, kama nilivyopanda siku zote, na pale nilipokanyaga pakaingia. Mguu mmoja ukazama mpaka gotini. Sikuona moto, niliona tu wekundu chini yangu, kama mtu amefungua mlango wa nyumba. Kama ningekuwa na zile ndara zangu ningekuwa nakuandikia habari nyingine, au nisingeandika.

Aliyenivuta ni Gedion wa Nthiwa. Lori lake silo la nafaka, nadhani umeshajua. Alikuwa amekuja kupakia. Alinishika kwapani akanivuta kama gunia, akaniweka juu ya makaa yake, akaendesha mpaka zahanati bila kusimama. Njia nzima alikuwa analia na kunitukana. Aliniomba nisiandike jina lake. Nimeandika kwa sababu sijui namna nyingine ya kukuambia ni nani aliyekurudishia buti.

Abdulkadir alikuja kunichukua zahanati. Hakuuliza kitu. Alisema tu, "Bibi yako anajua unachunga mbuzi. Haya, chunga." Akanipeleka bomani kwake. Soko lilikuwa limefungwa, mbuzi wamejaa, wachungaji wake wawili wamekimbia. Kwa hivyo nakaa kwenye jiwe na fimbo, mguu umefungwa kitambaa, na mbuzi wananizunguka kutwa. Nilikudanganya mwezi wa sita, Susu, na mwezi wa tisa Mungu akaufanya uongo wangu kuwa kweli. Nacheka peke yangu, wanafikiri ni dawa.

Kuna jambo moja zaidi. Huku kuna mikau mingi porini, na mbuzi wanapenda matunda yake kuliko sisi tunavyopenda nyama. Usiku wanacheua na kutema kokwa, na asubuhi boma limejaa. Nikaanza kuziokota, mwanzoni kwa sababu mkono haukuwa na kazi. Sasa gunia limekaribia kujaa. Nilimkumbuka babu akizipasua kwa kisu mlangoni, nasi tukikatazwa kupita karibu. Nilijaribu, nikajikata. Nikajaribu tena. Nimezitia chache kwenye mchanga uliolowa na moja imechungulia.

Sijui kama naweza kurudi. Uliniapia mbele ya watu. Nikirudi na mguu huu watauliza, na ukisema mbuzi mara ya pili itakuwa dhambi yangu juu ya kichwa chako. Labda nikae huku huku.

Mutunga


Kanyangi, 10 Novemba 2024

Mutunga,

"Labda nikae huku huku." Nani alikuuliza? Umeungua mguu, hukuungua kichwa, na bado unaongea kama mtu aliyeanguka na kichwa mbele.

Nakusalimu. Barua yako nilipewa dukani kwa Shufaa. Nilisoma yale maneno mawili ya kwanza nikakaa pale pale, juu ya gunia lake la mchele. Shufaa akaniletea maji, akaniuliza ni nini. Nikamwambia ni jua. Akasema, "Mama, tuko ndani." Ni mwanamke mwema lakini anaona mambo mengi mno. Alinisomea sehemu iliyobaki, kwa sababu miwani yangu ilikuwa na unyevu.

Sasa nikueleze lililotokea, na usilirukie, soma kwa mpangilio.

Jumamosi iliyofuata tulimaliza ukuta. Nthiwa alitaka kuomba. Nikasema kabla hujaomba, mimi nina neno. Nikasimama juu ya lile jiwe kubwa nikawaambia, "Mutunga hakuwa anachunga mbuzi. Alikuwa anachoma makaa. Nilishuku, nikasema mbuzi kwa sababu nilitaka maji. Sasa anachunga mbuzi kweli, mguu umeungua, lakini siku ile nilipoapa haikuwa kweli. Nitoeni." Kisha nikashuka, na kushuka kulikuwa kugumu kuliko kupanda.

Jina la Gedion sikulitaja. Mtu amevuta mjukuu wangu motoni, nimtaje kwa watu? Nilimtazama tu Nthiwa. Yule mtu na miwani yake alitazama miguu yake kwa muda mrefu, kama anataka kuinunua. Halafu akavua kofia. Akasema, "Nafaka ya Gedion pia ni makaa."

  Na Muthoki, ambaye kanisani hata amina anasema kwa kunong'ona, akasema, "Wangu anachomea hapo nyuma ya kilima. Moshi mnaouona alfajiri, mnaosema ni ukungu, ni yeye."

Mutunga, ukungu. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeusifu ukungu ule. Nilikuwa nimesema hali ya hewa inarudi kama zamani.

Nilicheka mpaka kifua kikaniuma. Wote tukacheka, mwingine amekaa juu ya karai. Akasimama mwingine, na mwingine, kila mtu na mbuzi wake na pikipiki yake. Nusaiba alishusha kalamu. Akasema tukilifuata sharti kama lilivyo, bwawa litabaki la kwake yeye na punda wa Nthiwa. Kisha akawa hacheki tena. Akasema hawezi kulibadilisha peke yake, atakwenda kuwauliza wakubwa wake. Akatuambia ukweli kwamba hajui watasemaje.

Tulingoja. Siku hizo sikupita mtoni. Nilichota kule mbali, nijizoeze.

Alirudi Alhamisi, amepanda pikipiki, vumbi mpaka kwenye nyusi. Alikuja kwangu kwanza kabla ya kwenda kwa mwenyekiti, na hilo Nthiwa hajalisahau. Akasema, "Susu, wamekubali. Nyumba ambayo mchoma makaa wake ameacha, amerudi, na amepanda mti kwa mkono wake, inabaki. Asiporudi kabla ya kupanda kuisha, inatoka." Akaniambia wakubwa walibishana sana. Mmoja alisema kumfukuza mchoma makaa hakupunguzi moshi hata kidogo, kunauhamisha tu hadi kilima kingine. Nikamwambia mwambie huyo mkubwa nimemsalimu.

Na juzi mto ulishuka. Mvua haikuwa kubwa hapa, ilinyesha huko juu, tukasikia tu mngurumo. Tulikimbia wote na mataa, mimi nikiwa wa mwisho. Maji yalikuja ya rangi ya chai, yamebeba matawi na ndara ya mtu, yakaupiga ukuta, yakasimama kidogo kama yanauliza njia, kisha yakapita juu yake. Ukuta ulikaa. Yalipopungua tukaona yameacha mchanga nyuma yake, safi, umelala. Bado si mwingi. Nilipiga magoti nikachimba kwa mkono mpaka kiwiko. Sitakuambia nilichokikuta. Utakuja kuchimba mwenyewe.

Vijana wameanza kurudi. Wa Muthoki hakuwa na mbali, alishuka kilima tu. Gedion alifika jana bila lori. Nthiwa alimgombeza kwa sauti watu wote wasikie, kisha akachinja kuku. Mimi nilimpelekea maziwa. Nilimwambia mkono wake una kazi nzuri, na mdomo wake aache kutukana wagonjwa.

Amebaki mmoja. Nyumba moja tu katika mwethya wote bado haijapanda, nayo ni yangu. Nthiwa amenitengea mahali kwenye ukingo wa juu, pale udongo ulipo mwekundu, na watu wanapita wakiniuliza, "Susu, mume wako anarudi lini?" Wanakuita hivyo kwa ajili ya jina. Nawajibu kwamba mume wangu wa kwanza hakuwahi kunichelewesha kupanda.

Kwa lugha yetu kutunga ni kurudisha. Jina lako lenyewe linajua njia.

Kwa hivyo sikia, na ufanye kama ninavyosema. Soko limefunguliwa. Panda lori la Abdulkadir likishuka na mbuzi, ukae mbele, si nyuma, mguu usigongwe. Mshukuru vizuri, usimshukuru kwa kichwa kama kinyonga. Lete gunia la kokwa, lisilowe njiani. Lete na ule mche uliochungulia, ukiushika mapajani. Lete buti zote mbili. Nzima utaivaa. Iliyoungua nitaijaza udongo nioteshe mche ndani, mpaka mizizi itoke kwenye tundu la soli, kisha tutaupanda pale ukingoni, wewe ukichimba na mimi nikikuonyesha unavyochimba vibaya.

Sukari usinunue, ipo. Kwa Nduku usipite sasa, utapita ukiwa na maembe.

Hewa tumeiita vya kutosha, na mvua imesikia. Sasa naliita lile jina nililolipikia, nikalizika, nikapewa tena.

Mutunga, uka.